Jicho Linacheza, Mkono Unatetemeka, Mtoto Ana Degedege: Haya Si Mamoja

Jicho likianza kucheza, washauri hufika kabla ya daktari. Wa kwanza atasema kope ya juu ikicheza utapata mgeni, na ya chini ikicheza jiandae kulia. Wa pili atabisha kwamba la kutazama ni upande: jicho la kulia lina heri, la kushoto lina msiba. Siku hizi kuna wa tatu aliyeyasoma kwenye simu. Huyo anakwambia ni dalili ya kiharusi, au umepungukiwa madini, na vidonge anavyo mwenyewe, anauza. Mwenye jicho analala na hofu isiyo na sababu. Wakati huohuo kuna mtoto wa darasa la tatu anayechapwa kwa kuangusha vikombe na kuandika vibaya, na hakuna anayejua kwamba mikono yake inasogea yenyewe kwa ugonjwa unaoweza kumharibia moyo.

Mambo hayo mawili yana mzizi mmoja. Mwili una miondoko midogo mingi isiyo ya hiari, yaani ile inayotokea bila wewe kuamua. Mingi haina madhara. Lakini tunaiita kwa majina yanayopishana na kuipa sababu moja, na hapo usio na hatari unaogopwa, wenye hatari unapuuzwa.

Kiswahili kina maneno ya kutosha kuitenganisha, tukiyatumia kwa uangalifu. Jicho "linacheza", au kigimbi kinacheza, pale msuli mdogo unaporukaruka chini ya ngozi bila kusogeza kiungo. Mkono "unatetemeka" unapokwenda na kurudi kwa mapigo yanayofuatana. Mtu "hugutuka" au "hushtuka" kwa pigo moja la ghafla, kisha basi. Msuli "hukaza" au "hubana" unapojifunga na kubaki umejifunga, na huo huuma. Mchezaji mpira anayelala chini dakika ya 80 huku mwenzake akimnyoosha mguu anaufahamu vizuri. "Degedege" na "kifafa" ni habari nyingine kabisa, kwa sababu chanzo chake ni ubongo na mara nyingi mtu hupoteza fahamu. Ukifika zahanati ukasema tu "anatetemeka", mhudumu anaweza kuwaza homa, sukari, kifafa au uzee. Ukisema "mdomo na mkono wa kulia vilirukaruka kwa dakika mbili, nikamwita, hakuitika", umeshamfikisha mahali pa kuanzia.

Kwa nini kope hucheza

Kila msuli umeundwa kwa nyuzi nyingi nyembamba. Nyuzi hizo hazipokei amri mojamoja. Zimegawanywa katika makundi, na kila kundi lina seli yake moja ya neva inayoliamrisha. Chukua mfano wa mahali pa ujenzi: ofisi inatoa agizo, manyapara wanalipokea, kila nyapara anawainua vibarua wake. Nyapara mmoja aliyechoka akipiga filimbi bila agizo la ofisi, vibarua wake wachache watanyanyuka na wengine wote watabaki wamekaa, kwa hiyo hakuna tofali litakalosogea. Ndivyo inavyokuwa kope ikicheza. Seli moja ya neva imejifyatua yenyewe, nyuzi zake chache zimeruka, na jicho limebaki wazi kama kawaida.

Huko kujifyatua hutokea kwenye misuli yote ya mwili, lakini kwenye kope ndiko tunakokuhisi zaidi, kwa sababu ngozi ya kope ni nyembamba kuliko ngozi nyingine yoyote mwilini. Mruko ambao kwenye paja usingeutambua, hapo unaonekana mkubwa. Ndiyo maana mtu huuliza, "Hebu niangalie, unaona linavyocheza?" na mwenzake asione kitu.

Mara nyingi huwa kope ya chini, jicho moja, kwa sekunde kadhaa, kisha inaacha na kurudi baadaye. Hali hiyo inaweza kuendelea kwa siku kadhaa au hata wiki kadhaa. Vichochezi vinajulikana: uchovu, usingizi mfupi, mawazo mengi, macho makavu, kukodolea skrini kwa muda mrefu, na kafeini. Mirungi nayo imo, kwa sababu inaamsha neva na papo hapo inamnyima mlaji usingizi.

Kwa kafeini, hesabu ya siku nzima ndiyo yenye maana. Kikombe cha kahawa cha mililita 240 huwa na takriban miligramu 95. Kopo la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu huwa na takriban 80. Kiwango kinachotajwa kuwa salama kwa mtu mzima mwenye afya ni miligramu 400 kwa siku, na dereva wa usiku anayekunywa makopo matatu juu ya kahawa mbili na chai ya rangi ameshapita hapo. Ukitaka kupunguza, punguza nusu, kaa siku tatu au nne, kisha punguza tena. Anayekata ghafla huumwa kichwa, akadhani jicho ndilo limeleta maumivu, hofu ikaongezeka. Pamoja na hilo, lala angalau saa saba, weka kitambaa chenye uvuguvugu juu ya kope kwa dakika tano unapohisi linaanza, na ukifanya kazi ya skrini, pepesa macho kwa makusudi kila baada ya muda. Mtu anayekazia macho simu hupepesa mara chache kuliko kawaida, jicho linakauka, na jicho kavu linaichokoza kope.

Kuhusu vidonge vya madini: upungufu wa magnesiamu upo, lakini una watu wake. Huwapata walioharisha kwa muda mrefu, wanywaji wakubwa wa pombe, wanaotumia dawa za kuongeza mkojo, na wanaomeza kwa miezi mingi dawa za kupunguza asidi ya tumbo kama omeprazoli. Tena hauji kwa jicho peke yake. Huja na udhaifu, kichefuchefu, misuli kubana, hata moyo kwenda mrama. Mtu mzima mwenye afya, anayekula mboga za majani, maharage na karanga, ambaye kope yake imecheza kwa siku nne, hana sababu ya kununua chupa ya vidonge.

Nacho kiharusi kinakwenda kinyume na kope inayocheza. Kiharusi huondoa nguvu: upande wa uso unaporomoka, mkono unakataa kuinuka, maneno yanakokoteka, na yote huja ghafla. Ukiona hayo, ni hospitali saa hiyohiyo, jicho licheze lisicheze.

Kuna nyakati jicho linastahili daktari. Likicheza mfululizo zaidi ya wiki tatu. Kope ikifunga kabisa bila ridhaa yako. Kucheza kwa misuli kukishuka kwenye shavu na pembe ya mdomo upande uleule. Kope ikilegea na kuning'inia, au jicho likiwa jekundu na kutoa uchafu. Macho yote mawili yanayojifunga kwa nguvu, hadi mtu anashindwa kuvuka barabara, ni ugonjwa wa ubongo kushindwa kudhibiti misuli ya kufumba. Upande mmoja wa uso unaovutika, mara nyingi, ni mshipa wa damu unaogusa na kuchokoza neva ya uso karibu na inapotokea kwenye shina la ubongo. Magonjwa yote mawili yana tiba: sindano ndogo za sumu ya botulinumu hulegeza misuli hiyo kwa takriban miezi mitatu kisha hurudiwa, na kwa huo wa upande mmoja upo pia upasuaji wa kuutenga mshipa na neva.

Hofu nyingine ni ya wale ambao kigimbi au bega linacheza, wakatafuta kwenye intaneti, wakakutana na ugonjwa unaoua seli za neva zinazoamrisha misuli, ule aliougua mwanafizikia Stephen Hawking. Katika ugonjwa huo cha kutazama ni nguvu. Misuli hukonda na kudhoofika: kidole kinashindwa kufunga kitufe, ufunguo haugeuki, mguu unakwaruza chini, maneno yanakuwa mazito. Ukiweza kutembea kwa ncha za vidole, kisha kwa visigino, na mikono inafanya kazi zake zote kama mwaka jana, msuli unaocheza baada ya mbio au siku ndefu ya kusimama ni uchovu tu.

Kwikwi na kugutuka usingizini

Kwikwi ni mgutuko wa kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Kiwambo kinavuta hewa ghafla, na takriban sehemu 35 za elfu ya sekunde baadaye kilango cha koo kinajifunga. Mlio ule ni wa hewa iliyofungiwa mlango. Si mtoto anakua, wala hakuna anayekuteta. Mmarekani Charles Osborne wa jimbo la Iowa alikuwa na kwikwi kuanzia 1922 hadi 1990, na katika miaka hiyo alioa na kulea watoto. Hata hivyo kwikwi inayopita saa 48 ipelekwe hospitali, kwa sababu inaweza kuwa inatoka kwenye figo, tumbo, au ubongo wenyewe.

Kugutuka unapoanza kupitiwa na usingizi, ukahisi umeanguka, kunawapata watu wengi sana. Hakuna jini aliyekukalia. Kahawa ya jioni na uchovu mwingi hukuzidisha.

Kinachotakiwa kuangaliwa ni mgutuko wa asubuhi. Kijana wa miaka 12 hadi 18 ambaye, muda mfupi baada ya kuamka, mikono yake inagutuka na kurusha mswaki au kikombe cha chai, hasa baada ya kukesha, anaweza kuwa na aina ya kifafa inayoanza umri huo. Nyumbani anaitwa mzembe. Mara nyingi hugundulika siku anapoanguka degedege kubwa, na hapo ndipo mzazi anakumbuka vikombe vya miezi minane. Mwambie daktari habari ya vikombe hivyo, kwa sababu karbamazepini, dawa ya kifafa inayotumika sana, inaweza kuuzidisha mgutuko wa namna hii.

Mkono unaotetemeka

Kila mkono hutetemeka. Nyoosha vidole, weka karatasi juu yake, utaiona ncha ya karatasi ikitikisika. Ni mtetemo wa kawaida wa takriban mara 8 hadi 12 kwa sekunde, na huonekana wazi zaidi mtu akiwa na hofu, njaa, baridi, au baada ya kahawa kali. Dawa ya pumu ya salbutamoli huuongeza. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huuongeza pia, na huambatana na moyo kwenda mbio, jasho na kukonda ingawa mtu anakula. Kwa mwenye kisukari anayetumia dawa, kutetemeka kunakoandamana na jasho na njaa ya ghafla ni sukari kushuka. Apewe kitu cha sukari kwanza, maswali baadaye. Mlevi wa kila siku anayetetemeka asubuhi baada ya kuacha pombe ghafla asiachwe alale "litapita": anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za kwanza.

Baada ya hizo, swali la maana ni moja: mkono unatetemeka lini? Mwambie mzee aweke mikono mapajani, ailegeze, ahesabu kurudi nyuma kutoka 100. Kisha ampatie mwenzake kikombe kilichojaa maji. Ikiwa mikono imetulia mapajani lakini kikombe kinamwagika, huo ni mtetemo wa kutenda, ambao mara nyingi hurithiwa. Baba alikuwa nao, shangazi anao. Unaudhi, lakini haufupishi maisha, na dawa ya propranololi husaidia wengi wasio na pumu. Ikiwa mkono mmoja unatetemeka ukiwa umepumzika, kidole gumba kikisugua cha shahada mara 4 hadi 6 kwa sekunde, na unapoinuka kushika kikombe unatulia, hapo fikiria ugonjwa wa Parkinson. Tabibu James Parkinson aliueleza London mwaka 1817. Pamoja na mtetemo huja uzito wa mwendo: hatua fupi, mkono usiopunga mtu anapotembea, mwandiko unaopungua ukubwa kadiri mstari unavyoendelea. Wengi waliujua ugonjwa huu kwa Muhammad Ali, ambaye aligundulika nao mwaka 1984, na mwaka 1996 akawasha mwenge wa Olimpiki mjini Atlanta huku dunia ikimwona anatetemeka.

Kusema "ni uzee tu" kunamnyima mzee dawa. Ugonjwa wa Parkinson hauponi, lakini levodopa humrudishia mtu uwezo wa kufunga vifungo vyake na kula bila kulishwa, na hayo si madogo.

Mtoto anayechapwa kwa asichokifanya

Watoto wengi wa miaka mitano hadi saba huanza kupepesa macho kwa nguvu, kukunja pua, kurusha bega au kukohoakohoa bila kikohozi. Kitaalamu huitwa tiki. Mtoto huhisi hamu ya kufanya, hujizuia kidogo, kisha inamshinda. Kwa kuwa anaweza kujizuia kidogo, mzazi hudhani anafanya makusudi. Kumkaripia huzidisha, kwa sababu wasiwasi ndio chakula cha tiki. Kwa wengi hufikia kilele umri wa miaka 10 hadi 12, kisha hupungua. Tiki za mwili zikiungana na za sauti na kudumu zaidi ya mwaka, ni ugonjwa aliouelezea Mfaransa Georges Gilles de la Tourette mwaka 1885. Hizi hazihitaji mganga wala fimbo. Zinahitaji mwalimu aliyeelezwa.

Ila kuna hali nyingine inayofanana nazo kwa mbali, na hiyo ningependa kila mwalimu wa shule ya msingi aijue. Unaitwa ugonjwa wa Sydenham. Huanza na koo: mafindofindo yaliyosababishwa na bakteria aina ya streptokoki, yakapoa bila dawa. Kinga ya mwili iliyotengenezwa kupigana na bakteria hao huja kuushambulia mwili wenyewe, yaani viungo, vali za moyo, na kwa baadhi ya watoto, sehemu ya ndani ya ubongo inayosawazisha miondoko. Wiki hadi miezi kadhaa baada ya koo kupona, mtoto wa miaka 5 hadi 15, wa kike zaidi kuliko wa kiume, anaanza kukosa utulivu. Mikono inatupika huku na huku bila mpangilio. Uso unakunjamana. Mwandiko uliokuwa mzuri unaharibika ndani ya wiki chache. Analia kwa jambo dogo. Akilala usingizi, yote yanakoma.

Vipimo viwili vya nyumbani husaidia. Mwambie atoe ulimi na aushikilie nje hadi uhesabu kumi. Ulimi utarudi ndani na kutoka tena, atashindwa kuutuliza. Kisha akushike vidole viwili na abane bila kulegeza. Utahisi mkono wake ukibana na kulegea, kubana na kulegea. Ukiona hivyo, usingoje. Miondoko yenyewe hupoa kwa miezi kadhaa, na hapo ndipo ilipo hatari: familia inashukuru kwamba mtoto amepona, kumbe vali za moyo zimeanza kukakamaa na hakuna aliyezipima. Mtoto anatakiwa kupimwa moyo kwa mashine ya mawimbi ya sauti, kisha apewe sindano ya penisilini ya benzathini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, ili koo lisimrudie na kumshambulia tena. Kuruka sindano kwa kuwa "anaonekana mzima" ndiko kunakowafikisha vijana kwenye upasuaji wa vali, kama unaofanyika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam. Sindano za zahanati zingeweza kuwazuilia wengi wao safari hiyo.

Hapohapo kuna miondoko inayoletwa na dawa. Mtu, hasa kijana, aliyepewa metoklopramaidi kwa kutapika au haloperidoli kwa ugonjwa wa akili anaweza, ndani ya saa au siku chache, kupindwa shingo upande, macho yakaelekea juu, ulimi ukatoka, taya likakaza. Anasikia kila kitu. Mara nyingi anaombewa usiku kucha au kufukizwa kwa mapepo. Arudishwe hospitali na karatasi ya dawa alizopewa. Ipo sindano inayofungua hali hiyo kwa dakika chache, na nyumba nzima hushangaa.

Degedege na kifafa

Degedege la homa humpata mtoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano. Homa inapopanda, ubongo ambao haujakomaa unafyatua umeme wake kwa pamoja. Mtoto anakakamaa, macho yanapinduka, mikono na miguu inarukaruka kwa mpigo, haitiki. Mara nyingi huisha kabla ya dakika tano, kisha analala. Lenyewe, likiwa fupi na likitokea mara moja tu katika ugonjwa huo, haliharibu ubongo. Takriban mtoto mmoja kati ya watatu atalipata tena siku nyingine ya homa.

Jina limetuletea taabu. Kwa watu wengi wa Pwani degedege ni dege, ndege wa kishetani anayempitia mtoto. Wamijikenda nao wana nyuni, lenye maana hiyohiyo ya ndege. Kwa imani hiyo dawa ni moshi, kuogeshwa, au hirizi, na mbaya zaidi ni ile kauli kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa. Tazama ilivyojithibitisha. Mtoto anazungushwa kwa waganga siku mbili, malaria inapanda kichwani, anafikishwa hospitali akiwa hajitambui, anachomwa sindano, anafariki. Sindano inabeba lawama ya siku mbili zilizopotea. Ukweli ni kwamba tangu 2011 Shirika la Afya Duniani linapendekeza sindano ya artesuneti kwa mtoto mwenye malaria kali, kwa sababu inaokoa maisha kuliko kwinini.

Linapotokea, fanya haya. Tazama saa. Mlaze chini kwa ubavu, mbali na moto na kona za meza, legeza nguo za shingoni, mate yatoke. Usimtie kijiko, kidole wala kitambaa mdomoni. Watu huvunja meno na kumziba pumzi, na ulimi haumezeki. Usimkandamize. Usimpe maji wala dawa ya kunywa hadi aamke kabisa. Usimtumbukize kwenye maji baridi. Likipita dakika tano, likirudia siku hiyohiyo, likiwa la upande mmoja, au mtoto akikawia kuamka, beba mtoto mwende. Hata likiisha lenyewe, apimwe malaria siku hiyo, na aangaliwe kama shingo imekaza au utosi umevimba, dalili za homa ya uti wa mgongo.

Kwa kichanga, kanuni ni nyingine. Mikono au kidevu kinachotetemeka wakati wa kulia, ukiushika mkono taratibu ukaacha, kwa kawaida ni mtetemo wa watoto wachanga. Ukiushika nao ukaendelea kugonga ndani ya kiganja chako, au macho yanakodoa upande mmoja, au midomo inatafuna bila kitu, ni degedege, na kichanga haruhusiwi kungoja hata saa moja. Mtoto aliyenyonya vizuri siku mbili za kwanza kisha taya likakataa na mwili ukawa unakaza kila akiguswa ana pepopunda.

Kifafa ni pale degedege linapojirudia bila homa wala sababu nyingine ya papo hapo. Duniani kuna takriban watu milioni 50 wenye kifafa, na hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa inayowafaa na kuimeza kila siku. Fenobabitoni, moja ya dawa hizo, ni ya zamani na ya bei ndogo. Kuiacha ghafla kwa kuwa miezi sita imepita bila kuanguka kunaweza kuleta degedege lisilokatika. Na povu la mdomoni haliambukizi. Ni mate yaliyochanganyika na hewa. Watu wameungua motoni na kuzama kwenye maji ya kina cha goti kwa sababu waliokuwa karibu waliogopa kuwagusa.

Si kila kifafa kinaangusha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall, aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa kifafa Mahenge, mkoani Morogoro, aliona watoto ambao vichwa vilikuwa vikishuka na kuinuka, wakionekana wanasinzia. Miaka mingi baadaye ugonjwa huo ulionekana Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda. Kichwa hushuka mara 5 hadi 20 kwa dakika, mara nyingi mtoto anapoanza kula. Vipimo vya umeme wa ubongo vilionyesha kwamba ule ni mshtuko wa kifafa: misuli ya shingo inapoteza nguvu kwa nukta moja, kisha inairudisha. Umehusishwa na minyoo ya usubi inayoenezwa na nzi weusi wa kwenye mito yenye maji ya kasi, ingawa namna minyoo inavyoufikia ubongo bado inachunguzwa. Kumeza ivamektini, dawa ya minyoo hiyo, inapogawiwa kijijini kila mwaka, tangu utotoni, kunawahusu watoto wa maeneo hayo moja kwa moja.

Mengi ya haya hayaonekani siku ya kliniki. Jicho huacha kucheza, mtoto hutulia, kijana hushtuka asubuhi na daktari anamwona saa nane mchana. Kwa hiyo rekodi kwa simu. Mtu akiwa salama ubavuni, chukua dakika moja au mbili: anza na uso na macho, shuka mikononi, kisha mwili mzima, taa ikiwashwa. Taja saa kwa sauti wakati unarekodi, mwite kwa jina lake ili isikike kama anaitika, na shika kwa upole mkono unaosogea ili ionekane kama unasimama. Andika pia alikuwa anafanya nini dakika tano kabla, alilala saa ngapi, na alimeza dawa gani wiki hiyo, pamoja na za mitishamba. Usiitume kwenye kundi la ukoo; ni siri ya mgonjwa. Mwonyeshe daktari.